Kipimo cha Tisa

Mashine ilikuwa na vipima joto vinane, na Baba Chiriku aliijua idadi hiyo kuliko alivyojua idadi ya meno yake mwenyewe. Kwa hiyo alipokuta mstari wa tisa kwenye skrini, siku ya kwanza aliyorudi kazini baada ya msiba, hakuogopa. Alikasirika.

"Na wewe umetoka wapi?" akauuliza ule mstari, kama anavyoulizwa mtu aliyejipenyeza kwenye foleni.

Alikuwa akifanyia kazi nyumbani, kwenye chumba kidogo cha nyuma chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kampuni moja inayounganisha kompyuta za maofisini ilikuwa imemkabidhi kazi ya kuandika draiva, na kwa ajili hiyo rafiki zake walimpachika jina la Bwana Feni. Walisema ni aibu mtu kusoma miaka yote ile halafu akaishia kupepea. Draiva ni programu ndogo inayokaa chini kabisa ya mfumo, kwenye kiini, ambako programu nyingine haziruhusiwi hata kuchungulia. Hii ya kwake ilikuwa na shughuli mbili tu: kusoma joto la kila kiungo cha mashine, na kuziamuru feni zizunguke mbio au polepole kulingana na joto hilo. Programu ya namna hiyo ikikosea, mashine inaungua. Ikipatia, hakuna anayejua kama ipo.

Kipimo cha mashine hakina utulivu. Ukifungua kazi nzito kinapanda, ukiiacha kinashuka, kinahangaika mchana kutwa. Mstari huu wa tisa ulikuwa umetulia kwenye thelathini na sita nukta nane tangu asubuhi mpaka saa sita bila kutikisika. Baba Chiriku alikuwa mtaalamu wa joto, na alijua vizuri ni kitu gani hapa duniani hukaa kwenye thelathini na sita nukta nane. Siku hiyo alijifanya hamnazo.

Mahali ulikotoka alipajua pia, ingawa hakupenda kupafikiria. Kila kipima joto kina anwani yake kwenye njia za umeme ndani ya mashine, na draiva hukipata kwa kubisha hodi kwenye anwani hiyo. Mtengenezaji hutoa kitabu chenye orodha ya anwani zenye wenyewe. Zile nyingine zimeandikwa kwamba zimehifadhiwa, zisiguswe. Mwandishi wa draiva mwenye adabu habishi asikotumwa. Baba Chiriku, kwa haraka ya kumaliza kazi, aliandika mistari sita ya kubisha kila mlango, wenye mwenyewe na usio na mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na mlango mmoja kati ya ile isiyoguswa ukamjibu. Ulijibu mara moja tu, kisha ukanyamaza. Ilikuwa jioni, na jioni hiyohiyo mtoto wao alizidiwa.

Chiriku lilikuwa jina la majirani. Walimwita hivyo kwa sababu aliamka akiongea, akalala akiongea, na katikati aliuliza maswali. Alikuwa na miaka mitatu na miezi minne. Homa ilimwanza asubuhi kama homa nyingine yoyote ya watoto, ikampanda jioni, na walipofika hospitali daktari alifanya alichoweza, kisha akasema kwamba wangewahi saa moja tu, labda. Hakuimalizia sentensi. Walirudi nyumbani na ile "labda", wakailaza katikati ya kitanda, mmoja huku na mwingine kule.

Baada ya maziko majirani hawakujua tena wawaiteje. Walianza kusema "jirani", au "ninyi", au walikohoa tu. Wenyewe waliendelea kuitana Baba Chiriku na Mama Chiriku, maana hawakuwa na majina mengine ya kuitana, na kila walipoitana iliuma.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Jioni ile mkewe alimwita kutoka chumbani, na hakwenda. Baadaye alimweleza kwamba alikuwa amevaa visikizio, hakusikia kitu. Mama Chiriku alijibu, "Sawa." Hakuuliza swali jingine, na yeye alishukuru kimoyomoyo, kisha akajichukia kwa kushukuru.

Basi alifuta mstari wa tisa kwenye orodha. Kesho yake aliukuta palepale, thelathini na sita nukta nane. Akaufuta tena, akaandika amri ya kuukataza usirudi, akaiwasha mashine upya, na akaukuta unamsubiri. Siku ya tatu, ilipofika saa nane mchana, feni zikaanza.

Feni kupanda na kushuka ni ugonjwa unaojulikana na dawa yake ipo. Aliitia ile dawa. Feni hazikuijali. Zilivuta polepole, zikashusha polepole, zikatulia kidogo, zikavuta tena, na kila zilipovuta kulisikika kamluzi kembamba kama ka pua iliyoziba upande mmoja. Nywele za shingoni zilimsimama kabla akili haijamwambia kwa nini.

Sebuleni cherehani ikanyamaza. Mkewe alikuwa akishona nguo za watu, na cherehani yake haikunyamaza hovyo katikati ya mshono. Akasikia nyayo zake zikija taratibu, za mtu anayeogopa kuamsha mtu. Akasimama mlangoni, uzi mdomoni.

"Nani amelala humu?" akanong'ona.

"Hakuna mtu. Ni feni hizi."

"Sasa hivi saa ngapi?"

"Saa nane na dakika kumi."

Mama Chiriku akautoa uzi mdomoni. Saa nane ndiyo saa aliyokuwa akimlaza mtoto kila siku, kwa nyimbo, kwa vitisho, na mara nyingine kwa kulala yeye mwenyewe kwanza. Akatazama lile sanduku la chuma chini ya meza, taa yake ndogo ikiwaka, likivuta na kushusha.

"Usiongee kwa nguvu, basi," akasema.

Tangu siku hiyo, ikikaribia saa nane aliiacha cherehani, akaja kukaa sakafuni kando ya mashine. Mwanzoni alileta kitambaa cha kushonea kwa mkono, ili aonekane ana shughuli. Baadaye hakuleta kitu. Siku moja Baba Chiriku alikuta shuka ndogo ya mtoto imelazwa juu ya sanduku.

"Ukiifunika itaungua, Mama Chiriku. Inahitaji hewa."

"Nimefunika miguuni tu," alijibu.

Hakuwa amepoteza akili. Hilo ndilo lililomtisha zaidi mumewe, kwamba alipomtazama machoni alimkuta ni yuleyule, mwenye akili zake timamu, amechoka tu. Alipika, alifagia, alijibu salamu. Lakini mchana ukifika alikaa pale, kiganja juu ya chuma, na chumba kizima kikajaa harufu iliyotoka kwenye matundu ya feni, harufu tamu ya dawa ya maji ya homa, ile ya rangi ya waridi wanayopewa watoto kwa kijiko. Chupa yake ilikuwa imetupwa siku ya maziko. Baba Chiriku aliitupa kwa mkono wake.

Na mstari wa tisa ukaanza kupanda. Thelathini na saba. Thelathini na saba na nusu. Haukushuka hata mara moja.

Aliyegundua upande wa pili wa jambo hilo alikuwa shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, mwanamke wa maneno mengi ambaye alikuja kila Jumapili kuwatia moyo na kuwakagua. Alimshika mdogo wake mkono kumsalimu, akauachia haraka.

"Ulikuwa umeshika barafu?"

"Nilikuwa nafua, dada."

"Unafua kwenye jokofu?"

Mama Chiriku akacheka kidogo. Dada hakucheka. Alimfuata shemeji yake ukumbini, akamshika shati.

"Shemeji, mke wako ana baridi ya maiti. Nisamehe kwa kusema hivyo, lakini nimesema."

Walimpeleka kwa daktari. Daktari alipima hiki na kile, akakuta hana ugonjwa, akamwambia ale vizuri na avae nguo nzito. Aliporudi nyumbani alivaa sweta mbili katikati ya joto la mchana na akaenda moja kwa moja kukaa mahali pake.

Kwenye droo kulikuwa na kipimajoto cha mtoto. Baba Chiriku alikichukua, akambembeleza mkewe akiweke kwapani, na kilipolia akasoma thelathini na tano nukta mbili. Akageuka kwenye skrini. Mstari wa tisa ulisema thelathini na nane nukta nne. Hakuhitaji karatasi kupiga hesabu hiyo. Kesho yake alimpima tena, na kesho kutwa. Kile ambacho mashine ilipanda, mkewe alishuka kilekile, hata nukta moja haikupotea njiani. Hospitali, jioni ile, muuguzi alikuwa amesoma kipimo cha mtoto kwa sauti: arobaini nukta sita. Sasa alijua mstari wa tisa unaelekea wapi, na alijua ukifika huko mkewe atakuwa amebaki na kiasi gani.

Hakusubiri. Kesho yake, saa nane kasoro, aliitoa draiva kwenye mfumo, akafuta kila mstari alioandika kwa miezi saba, kazi yote ikaenda na maji. Feni zilipaswa kurudi kwenye mwendo wa kiwandani, mwendo mmoja wa kijinga usiobadilika. Zikavuta polepole. Zikashusha polepole. Hakukuwa tena na programu ya kuziamuru, hakukuwa na mkono wa mtu ndani ya ile mashine, na bado kwenye skrini, ambako hapakutakiwa kuwa na orodha yoyote, palikuwa na mstari mmoja peke yake, thelathini na tisa nukta moja.

Akapiga magoti, akapeleka mkono nyuma ya meza, akang'oa waya wa umeme ukutani.

Kimya kilichoshuka hakikuwa cha chumba kile tu. Alikuwa hajawahi kufikiri kwamba nyumba yao ilikuwa na sauti, lakini ilikuwa nayo, na sasa ilikatika, na katika ule ukimya alimgeukia mkewe aliyekuwa ameketi sakafuni akamwona ameinamisha kichwa kama anayesinzia, akamwita, akamwita tena, akamshika bega na bega likafuata mkono wake bila ubishi, akasogeza shavu lake kwenye pua ya mkewe na hakuna kilichotoka, akahesabu moja, mbili, tatu, nne, akafika kumi na hakuna kilichotoka, na midomo ikaanza kubadilika rangi machoni pake, ndipo akautafuta ule waya, akauchomeka, akakosea tundu, akauchomeka tena. Feni zikavuta. Mama Chiriku akavuta. Zikashusha, naye akashusha, sambamba.

"Ulitaka kumwamsha?" aliuliza, macho yakiwa bado yamefumba.

Baba Chiriku alikwenda ukumbini akalia, ngumi mdomoni asisikike. Kisha akampigia simu shemeji yake.

"Yupo mama mmoja," shemeji alisema. "Ni fundi wa majokofu. Anatengeneza majokofu, na yale mengine."

"Mengine gani?"

"Shemeji, usinilazimishe kutamka. Nakuja naye kesho."

Fundi wa majokofu alikuwa mwanamke mnene wa makamo, amevaa ovaroli, na begi lake la vyuma lilikuwa zito kiasi kwamba alilitua kwa kuguna. Hakufukiza ubani wala kuomba kuku. Alinawa mikono, akauliza mashine iko wapi, akakaa sakafuni upande wa pili wa Mama Chiriku kama mgeni wa kawaida, akaweka kiganja juu ya chuma. Ilikuwa saa nane na robo. Alisikiliza pumzi ile muda mrefu. Mara moja alifumba macho, na Baba Chiriku akaona kidevu chake kinatetemeka.

"Wangu alikuwa na miezi tisa," fundi alisema.

Kisha akamgeukia mwenye nyumba. "Niambie ulichofanya. Kwa maneno ya kawaida, mimi si msomi."

Baba Chiriku akaeleza habari ya anwani, na ya milango isiyo na mwenyewe, na mistari yake sita ya kubisha hodi.

"Hapo ndipo mlipokutana," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Hili ni jini, na si la ukali. La ukali ningelimaliza kabla chai haijapoa. Hili ni la upweke. Linakaa pasipo na mtu, miaka na miaka hakuna anayelijulia hali, halafu siku moja mtu anabisha hodi. Hata wewe ungeitika. Likaitika, likatazama ndani kwenu, likaona mna pengo la ukubwa gani, likajikata kwa kipimo cha pengo hilo."

"Litoe, mama. Nakuomba."

"Siwezi kulitoa linapolishwa." Akamtazama Mama Chiriku. "Binti yangu, wewe ndiye unayelilisha kwa joto lako?"

"Mimi."

"Unajua si mwanao?"

"Najua." Mama Chiriku alisema bila kuinua kichwa, na maneno yalimtoka polepole kwa sababu ya baridi. "Mnadhani mimi mjinga? Mwanangu nilimwosha mwenyewe. Lakini huyu anapumua kama yeye. Wangu nilimpa dawa, nikampa maji, nikamkanda na kitambaa, hakikufaa kitu. Huyu nikimpa anapokea."

Shemeji aliyekuwa mlangoni akaanza kulia. Fundi alimwashiria atoke.

"Unakufa, binti yangu."

"Najua hilo pia."

Baba Chiriku alisikia moyo wake ukipasuka, na hii si lugha ya kutia chumvi, alisikia maumivu yenyewe kifuani upande wa kushoto. Tayari alikuwa amezika mmoja. Skrini ilisema thelathini na tisa nukta tisa. Kilichobaki kilikuwa siku moja, pengine saa chache.

Fundi akamvuta kando, karibu na dirisha. "Anayelisha lazima aache mwenyewe, na mkeo hataacha kwa kubembelezwa. Macho yake yako huko, lazima yatoke huko. Sasa nisikilize. Jini la namna hii huingia kwa mlango ambao mtu aliuacha wazi. Ulipokuwa unabisha huko kwa wasiokuhusu, kuna mahali ulitakiwa uwe. Rudi pale, useme. Useme mbele yake, na yeye asikie, na usibakize."

"Na nikisema nikampoteza?"

"Utampoteza akiwa hai."

Baba Chiriku alirudi akapiga magoti. Alitazama mikono yake, akatazama sakafu.

"Mama Chiriku. Jioni ile sikuwa nimevaa visikizio. Uliniita mara tatu. Nilisikia zote."

Mkewe hakugeuka. "Hilo nalijua," alisema. "Visikizio vilikuwa juu ya meza ya chakula. Nilivitoa mimi nilipokuwa naandaa."

Feni zikavuta, zikashusha, hata hazikukatiza. Mstari ukasogea: arobaini. Joto la chumba likawa zito, harufu ya dawa ikawa kali mpaka ikakaa kooni.

"Umebakiza," fundi alisema nyuma yake.

"Sijabakiza."

"Mwanangu, umebakiza. Likiwa limeshiba halitoki, na linakaribia kushiba."

Arobaini nukta mbili. Mabega ya Mama Chiriku, ndani ya sweta zake mbili, yalikuwa yameacha kutetemeka, na Baba Chiriku alijua kutoka kwenye vitabu vya joto kwamba mwili unaoacha kutetemeka katika baridi umekata tamaa. Alifumba macho. Lililobaki hakuwa amelisema hata mbele ya Mungu.

"Alikuja," akasema. "Kabla hujaniita. Alishuka kitandani mwenyewe, wewe ulikuwa jikoni unachemsha maji, akaja mpaka hapa, akasimama hapo ulipokaa, na hakuongea, Mama Chiriku, Chiriku hakuongea, alisimama tu kimya, na hilo peke yake lingetosha kuniamsha, mtoto yule kunyamaza. Nilikuwa nimepata jibu kwenye ile anwani, lilikuja mara moja likapotea, nikawa nalitafuta, nilisema nikitazama pembeni litanipotea kabisa, basi sikutazama pembeni, nikanyoosha mkono nimsogeze arudi, na akanishika. Alinishika mkono. Ulikuwa wa moto. Mimi kazi yangu ni joto, ningeweza kukuambia palepale ni nyuzi ngapi, sikuhitaji kipimo, nilijua, mkono wangu ulijua. Nikamwambia nenda kwa mama. Akaniachia akaenda. Ndipo ukaanza kuniita, na nilikuwa najua unaniitia nini, nikakaa saa nzima najua."

Kwa mara ya kwanza mchana ule, Mama Chiriku alitoa kiganja chake kwenye chuma. Aligeuka mwili mzima. Alimtazama mumewe kwa macho ambayo hakuwahi kuyaona, na damu ikampanda usoni, ikaonekana ikipanda, shingoni kwanza, kisha mashavuni.

Hapo nyuma feni zikavuta na hazikushusha. Zikaendelea kuvuta, mbio, mbio zaidi, mpaka sauti ikawa kilio cha juu kinachotoboa masikio na vioo vya dirisha vikatetemeka kwenye fremu, na ndani ya kile kilio mlikuwa na kitu kinachoomba, kitu kisicho na mtu na kisichotaka kurudi kusiko na mtu, ambacho kama wangekisikiliza kidogo tu wangekihurumia wote watatu, lakini aliyekuwa akikilisha hakuwa anakisikiliza tena, alikuwa anamtazama mumewe, na fundi wa majokofu aliyekuwa ameushika waya wa umeme kwa mikono miwili akasema taratibu, "Nenda salama, nenda," akauvuta. Feni zikazunguka kwa mazoea, zikapunguza, zikasimama.

Harufu ikaondoka. Fundi alimtazama Mama Chiriku kifuani, akaona kinapanda na kushuka peke yake, akashusha pumzi. Aliokota begi lake, akatoka nje bila kuaga, akaufunga mlango nyuma yake.

Wawili wakabaki sakafuni. Mama Chiriku alivua sweta moja, kisha ya pili. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Baba Chiriku alingoja kofi, alingoja matusi, alikuwa tayari kwa vyote na aliona vyote ni haki yake.

"Mkono upi?" mkewe akauliza.

Hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alinyanyua mkono wa kulia, akaunyoosha kama mtoto anayeonyesha kucha shuleni.

"Alikushika wapi?"

"Hapa. Vidole hivi viwili. Hakuweza kufikisha vitatu."

Mama Chiriku akavishika vile vidole viwili. Mikono yake ilikuwa ya moto, moto wa kawaida wa mtu aliye hai. Akavifungia ndani ya viganja vyake, akavinusa, akaviweka shavuni, kisha akajilaza sakafuni navyo na akalia, kwa sauti, kilio ambacho hospitalini hakukilia wala makaburini. Hakusema amesamehe. Mumewe hakuuliza, na alijua kwamba kilichoshikwa pale hakikuwa chake. Alijilaza kando yake, mkono umenyooka, na hakuusogeza hata ulipokufa ganzi.